Simu, LUKU na king'amuzi: namna ya kuishi navyo ukishastaafu bila kupandisha presha

Wastaafu wenzangu wa Kigoma mjini, Ujiji, Gungu, na nyie wa Kasulu na Kibondo mnaosoma hapa, hii naandika kwa ajili yetu sisi tuliofika miaka 60 tukakabidhi ofisi tukajua sasa ni kuhudumia michikichi na kukaa barazani, kumbe kila kitu kimehamia kwenye simu. Umeme simu, maji simu, pensheni ikiingia meseji inakuja kwenye simu, mchango wa harusi ya mtoto wa jirani simu, hata msiba siku hizi unausikia kwenye grupu kabla hujasikia kilio. Na kila kimoja kina namna yake ya kukukasirisha. Sio utaalamu wa chuo huu, ni vitu ambavyo mimi na wenzangu hapa mtaani tunafanya na vinasaidia.

Tuelewane kwanza. Hasira yetu nyingi haitokani na ugumu wa simu, inatokana na kuharakishwa. Menyu inakuharakisha, mjukuu anakuharakisha, watu nyuma yako kwa wakala wanakohoa kohoa, na tapeli naye kazi yake ni hiyohiyo, kukufanya ubonyeze kabla hujafikiri. Mimi nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi na mtoto ukimharakisha kusoma hasomi, anabahatisha, sasa sisi wazee nasi ndivyo tulivyo mbele ya skrini. Kwahiyo mengi nitakayosema ni mbinu za kuiondoa hiyo haraka tu.

Anza na hizi menyu za nyota na reli, mfano *150*00# au *150*60#, za pesa za simu. Kitu ambacho watu hawatuambii ni kwamba hizi menyu zina muda wake, kila hatua unapewa sekunde kadhaa za kujibu ukichelewa inajifunga yenyewe. Sasa mzee anafungua menyu ndio anaanza kutafuta miwani, akiipata miwani anatafuta ile karatasi yenye namba, akiipata karatasi menyu imeshaondoka, anaanza upya, inaondoka tena, anasema simu mbovu. Simu nzima kabisa. Fanya hivi, kabla hujagusa nyota weka vyote mezani, miwani machoni, namba ya mtu umeiandika kwa herufi kubwa, kiasi umeshaamua, na kama ni malipo ya serikali ile kontroo namba yenye tarakimu 12 igawe nne nne nne kwenye karatasi ili jicho lisipotee katikati. Halafu ndio ufungue. Ikijifunga kabla hujaweka namba ya siri usihangaike, hakuna pesa iliyotoka. Ila ikikatika baada ya kuweka namba ya siri hapo simama, usirudie, subiri meseji, isipokuja angalia salio kwanza. Wengi wanalipa mara mbili kwa sababu hapa walirudia kwa hasira.

Na kama una simu janja jaribu apu ya mtandao wako badala ya menyu, yenyewe haikukimbizi sana, unaweza kusoma taratibu.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, nayo ina tarakimu 20 na inaulizwa kila mahali, lakini angalia vizuri, tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia kisha mwezi kisha siku. Hizo unazijua tangu utoto, zinabaki 12 tu. Na hapohapo ndio ujue kwanini mwaka wako wa kuzaliwa haufai kuwa namba ya siri, maana kila uliyewahi kumpa kopi ya kitambulisho anao. Watu wa rika letu tukiambiwa tarakimu nne tunaweka 1958 au 1961 moja kwa moja, badilisheni.

Sasa wajukuu. Tunawapenda lakini kwa simu ni walimu wabaya sana, unamuuliza kitu anakunyang'anya simu, kidole gumba kinaruka huku na huku, kurasa tatu zimepita hujaona hata moja, anakurudishia, "tayari bibi". Tayari nini? Kesho utamuita tena na yeye ataanza kulalamika kwamba bibi hajui simu. Kwangu nimeweka sheria na inafuatwa.

"Bibi lete nikufanyie."

"Hapana baba, mikono nyuma. Wewe taja, mimi nabonyeza."

"Sasa bibi utachelewa..."

"Nina kikao wapi mimi? Taja."

Anachukia kidogo lakini anataja. Na pembeni nina daftari, kaunta buku ya kawaida, naandika hatua kwa maneno yangu mwenyewe sio maneno yake, kwahiyo sijaandika "setingi" nimeandika "kile kigurudumu chenye meno", na chini yake "shuka mpaka uone picha ya jua". Ukirudia mara moja mbili ukiwa peke yako hatua zinakaa. Kwenye hilo daftari usiandike namba ya siri hata ya benki hata ya simu, daftari linazunguka nyumba nzima hilo.

Skrini yenyewe pia inatuonea, na hii nilipoielewa ilinipunguzia hasira nyingi. Hizi skrini za kugusa zina umeme wake kidogo na zinasikia kidole kwa sababu ngozi na mwili vinapitisha umeme, sasa ngozi ya mzee inakuwa kavu, unagusa haisikii, unabonyeza kwa nguvu haisikii, unabonyeza muda mrefu ndio inasikia lakini sasa inadhani unataka kitu kingine, inakuletea kufuta au kuhamisha picha. Kubonyeza kwa nguvu hakusaidii, kugusa na kuachia ndio kunasaidia. Nawa mikono ujifute ibaki na unyevu kidogo, utaona tofauti. Na kama umetoka kukamua mawese au umekaanga migebuka usishike simu kabla ya sabuni maana mafuta yanachafua kioo.

Halafu ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu inaitwa Ufikivu, simu nyingi za Android zinayo, humo kuna mahali pa kuchagua muda wa kugusa na kushikilia, weka mrefu. Ukishaweka mrefu simu inakuvumilia, haikimbilii kufuta vitu kwa sababu kidole kimechelewa kunyanyuka. Hapohapo ongeza na ukubwa wa maandishi, usione aibu kwamba herufi zinajaa skrini, ni simu yako. Na kama simu inaongea Kiingereza igeuze iwe Kiswahili, iko kwenye lugha, mwanzoni maneno yatakuchekesha lakini wiki haiishi umeyazoea.

Kuna jambo la kwetu huku tu ambalo mtu wa Dodoma hawezi kulijua. Ukienda Manyovu au Kagunga, au sehemu yoyote ya mpakani, simu inanasa mnara wa Burundi, unaletewa meseji ya kukukaribisha nchi ambayo hujaenda na salio linaanza kukatwa kwa bei za nje. Mbaya zaidi ni saa. Burundi na upande wa mashariki wa Congo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwahiyo simu ikishika mnara wao na ikiwa imeachiwa ijipangie saa yenyewe inarudi nyuma, inakuonyesha saa tatu asubuhi wakati gari lako limeondoka saa tatu na sasa ni saa nne. Watu wamegombana na makonda kwa ajili hii. Kwenye Mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, zima ile ya kujipanga kiotomatiki uweke mwenyewe, na kwenye mtandao zima data za mitandao ya ng'ambo, halafu pale pa kuchagua mtandao ondoa kiotomatiki uchague wa kwako. Ukirudi mjini unaweza kurudisha.

LUKU sasa, yaani umeme wa kulipia kabla, hapa nitakaa kidogo.

Tokeni ni tarakimu 20 na wengi wetu tunaziingiza peke yetu, usiku, umeme umekatika, tochi mdomoni, mkono mmoja simu mkono mwingine kwenye vitufe, unafika ya kumi na nne skrini ya simu inazima, ukiiwasha hujui uliishia wapi. Hapo unapiga ukuta. Acha kabisa. Kwanza nunua mchana na kabla haujaisha, mita inakuonyesha yuniti zilizobaki, ukiona zimebaki chache nunua. Pili andika zile tarakimu kwenye karatasi kwa makundi ya nne nne, zinakuwa makundi matano, ukimaliza kundi moja unalipiga mstari. Tatu tafuteni watu wawili, mmoja anasoma mwingine anabonyeza na kuitikia. Sisi nyumbani mzee anasoma, "nne sifuri saba mbili", mimi naitikia "nne sifuri saba mbili" huku nabonyeza, kama tunaimba kwaya, na kabla ya kubonyeza kile kitufe cha kukubali tunasoma tena yale yaliyopo kwenye kioo cha mita tukilinganisha na karatasi. Inachukua muda mfupi kuliko kukosea na kurudia.

Ukikosea tarakimu moja usianze kubonyeza ovyo, kuna kitufe cha kurudi nyuma, kinafuta moja moja. Mita ikikataa rudia mara moja kwa utulivu, ikikataa tena pumzika kidogo ndio uendelee, na kama inasema tokeni imeshatumika basi angalia yuniti kwanza, huenda mwenzako alishaiingiza asubuhi.

Wenye rimoti ya LUKU, kile kifaa cha ndani cha kuingizia tokeni mita ikiwa juu ya nguzo nje, mkiona haisomi msikimbilie kuita fundi, nyingi zinaongea na mita kupitia waya wa umeme wa ndani, kwahiyo ihamishe kwenye soketi nyingine, na angalia betri zake. Betri zilizokufa zimewapandisha watu wengi presha bure.

Kuna na hili la mwaka 2024, mita zote zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mtu akinunua umeme analetewa makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Dunia nzima ilikuwa hivyo kwa mita za aina hii, namna zinavyohesabu tarehe ilikuwa inafika mwisho. Kama una nyumba uliifunga muda mrefu, labda ya kijijini, ukinunua umeme ukaletewa tarakimu 60 usidhani umetapeliwa, ingiza kundi la kwanza, kisha la pili, la tatu ndio umeme wenyewe. Ukianza na la tatu itakataa.

Na kwanini mwanzo wa mwezi yuniti zinakuwa pungufu, hili linaulizwa kila siku barazani. Kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, ikiwa hukununua miezi miwili inakatwa ya miezi yote. Soma meseji yako mpaka chini imeandikwa, usimgombeze wakala yeye hahusiki.

Uhakiki wa wastaafu. Siku hizi unaweza kujihakiki kwa simu kwa kupigwa picha ya uso, na hapa watu wanahangaika mpaka machozi, uso umekataliwa, uso haujatambulika, mtu anajiuliza nimezeeka kiasi hicho? Mara nyingi shida ni mwanga. Usikae na dirisha au mlango mgongoni, uso unakuwa mweusi kwenye kamera. Toka nje asubuhi ukae kivulini uso ukitazama upande wenye mwanga, vua miwani na kofia kama wanavyoelekeza, futa kile kijicho cha kamera kwa kitambaa safi maana kinakuwa na mafuta ya mfukoni, inua simu ilingane na macho sio kuishika magotini ikakuona pua. Wakisema funga macho fungua, fanya polepole. Na usisubiri siku za mwisho, siku za mwisho nchi nzima iko humo. Ikishindikana kabisa nenda ofisini kwa wanaokulipa pensheni na kitambulisho, ni haki yako, usikubali kijana wa kibandani akuchukue namba ya siri eti akusaidie.

Alama za vidole vilevile. Aliyeshika jembe, kasia au chaki miaka thelathini vidole vyake vimesuguka, mashine haisomi, na wewe unaonekana kama unaleta ubishi. Nawa, futa vumbi, pia kioo cha mashine kifutwe, na muombe wakala ajaribu kidole kingine, NIDA walichukua vyote kumi sio gumba tu. Kwa kufungulia simu yako mwenyewe achana na kidole tumia namba.

WhatsApp nitaisema kwa kifupi. Simu inasema imejaa, haipokei picha, inakwama kwama, na wewe hujapiga picha hata moja. Ni magrupu hayo. Grupu la ukoo, la jumuiya au msikiti, la waliosoma pamoja, kila asubuhi maua na salamu na video za dakika tano, zote zinajishusha zenyewe kwenye simu yako na zinakula bando. Ingia mipangilio ya WhatsApp kwenye hifadhi na data, zima kujipakua kwa picha na video, utashusha unayoitaka tu. Hapohapo kuna sehemu ya kudhibiti hifadhi inakuonyesha grupu gani limejaza, futa video kubwa kwanza. Grupu la ukoo usijitoe, watakuita mwenye kiburi, linyamazishe tu. Na sisi wenyewe tuache kusambaza kila tunacholetewa, hasa dawa za presha na sukari za kuchanganya vitunguu.

Matapeli wanatupenda sana sisi, kiinua mgongo kinanukia mbali. Ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wengi tumeizoea, sasa wana za kistaarabu zaidi, anakupigia anakusalimia "shikamoo mzee wangu", anajua ulifanya kazi wapi, anasema faili la mafao yako limekwama mezani kwake na linahitaji hela kidogo ya kulisukuma leo kabla ya saa kumi. Sikia hiyo "leo kabla ya saa kumi". Ukisikia muda ujue ni mwizi. Kata simu, usimjibu, usimtukane maana akikukasirisha unaendelea kuongea naye. Watoa huduma wa mitandao ya simu wanakupigia kwa namba 100 tu, anayepiga kwa namba ya kawaida akisema yeye ni mtandao ni muongo. Namba ya tapeli unairipoti kwa kutuma meseji kwenda 15040, bure. Ukipiga *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda na NIDA yako duka la huo mtandao ikafutwe. Mtu akisema amekosea kukutumia pesa nawe uirudishe, usimrudishie, angalia salio lako kwanza kama kweli imeingia, kisha mwambie apige 100 mtandao wenyewe urudishe. Na zile tarakimu sita za WhatsApp zinazokuja ghafla kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata kama anayeomba ni namba ya padri, sheikh au dada yako, huenda ameshaibiwa akaunti yeye ndio wanakuomba kwa jina lake.

Televisheni. Ikiandika No Signal mara nyingi king'amuzi hakina tatizo, ni rimoti ya TV imebonyezwa na mtoto ikahama. Chukua rimoti ya TV, sio ya king'amuzi, bonyeza kitufe cha Source au Input, hama mpaka HDMI au AV palipochomekwa waya wa king'amuzi. Bandika kikaratasi nyuma ya rimoti, "hii TV", "hii king'amuzi". Kama picha inakatika katika wakati mvua inanyesha subiri mvua iishe, dishi halina kosa.

Mwisho kuhusu simu zenyewe, maoni yangu ambayo watoto hawayapendi. Usitupe kitochi. Laini yenye pesa na ya pensheni ikae kwenye kitochi, chaji inakaa siku kadhaa, vitufe unavisikia kwa kidole, ikianguka inaokotwa, na mjukuu haiazimi kuchezea gemu. Simu janja iwe ya WhatsApp, picha na kuongea na waliopo Dar kwa video, hata ikiharibika hujakwama. Na ikiharibika ukaipeleka kwa fundi pale Mwanga, toa laini na memori kadi kabla hujamkabidhi, usimwachie namba ya kufungulia, kaa hapohapo kwenye benchi, akihitaji ifunguliwe akupe ubonyeze wewe. Akisema rudi kesho muulize anabadilisha nini na bei gani, aandike, ndio uondoke.